Nyumba Ipumue, Sitara Isivunjike: Safari ya Ukunda hadi Msambweni



Mwishoni mwa mwezi wa Mei, mvua za masika zilipoanza kupungua, tulivuka Likoni kwenda kuwazuru jamaa zetu wa pwani ya kusini. Tulikuwa wanawake watatu na watoto wawili, na safari yetu ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kumjulia hali mtoto wa ndugu yetu huko Ukunda, ambaye pumu ilikuwa imemlaza mara mbili tangu mvua zianze. Ya pili ilikuwa kuitikia wito wa shangazi yetu wa Msambweni. Wanawe walikuwa wamekusanya fedha za kuitengeneza upya nyumba ya marehemu bibi, na fundi alikuwa aanze kazi siku ya Jumatatu. Shangazi alitaka tuione nyumba kabla haijaguswa, na alitaka pia rai yetu.

Tulipotoka Mombasa tulidhani hayo ni mambo mawili. Tuliporudi tulikuwa tumefahamu kwamba ni jambo moja.

Kivukoni, ijapokuwa jua lilikuwa halijapanda, watu walikuwa wakijipepea kwa ncha za mitandio. Hewa ya asubuhi baada ya mvua ina uzito wake: hukaa juu ya ngozi, na jasho likitoka halina pa kwenda. Mwili wa mwanadamu hupoa kwa jasho kukauka, na jasho hukauka kwa kuchukuliwa na hewa. Hewa ikiwa imeshashiba maji, haina nafasi ya kuchukua mengine. Ndiyo maana mgeni wa kutoka bara hushangaa kwamba digrii 30 za Pwani zamchosha kuliko digrii 35 za nchi kavu. Kinachomchosha ni unyevu.

Tulipita Ngombeni, Waa na Tiwi. Minazi na mikorosho ilikuwa imeoshwa na mvua ikang'aa, na kati yake tuliona nyumba za zama mbili zikikaa bega kwa bega: za udongo na makuti, zenye paa refu lililoshuka karibu kugusa ardhi, na za matofali ya saruji na mabati ya rangi, zenye vioo vinavyomulika barabara. Hatukuwaza lolote wakati huo ila kwamba watu wetu wanapiga hatua, alhamdulillahi.

UKUNDA: NYUMBA ILIYOFUNGWA NUSU

Nyumba ya ndugu yetu ni mojawapo ya hizo mpya. Ina miaka minne tu. Ina dari ya jipsamu iliyoshuka chini, madirisha mapana ya vioo, na mapazia mazito yanayofika sakafuni. Wifi yetu alitupokea kwa bashasha, akatutilia chai ya tangawizi na mahamri, na kabla chai haijapoa tulikuwa tushausikia ule uvundo ambao kila mwanamke wa Pwani anaujua: harufu ya nguo iliyokunjwa haijakauka vizuri, imechanganyika na moshi wa udi uliofukizwa ili kuifunika.

Alitutembeza bila kutuficha kitu. Katika chumba cha watoto, ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa umetapakaa madoa meusi ya kuvu. Kabatini, buibui lake la Idi lilikuwa limefanya vidoa vyeupe mabegani. Chumvi ya mezani ilikuwa imeganda kama jiwe, na punje za mchele alizozitia ili isigande zimenasa humo humo. Rafuni, msahafu aliopewa na babake siku ya nikahi yake ulikuwa umejikunja kurasa, na jalada lake la ngozi limeota kuvu.

"Huu ndio ulionitoa machozi," alituambia. "Madoa ya ukuta ningeyapaka rangi."

Kisha akatuonyesha ujumbe za tokeni za stima katika simu yake. Tokeni zilizokuwa zikitosha mwezi mzima sasa zilikuwa zikiisha kabla ya wiki mbili, kwa sababu kiyoyozi cha chumba cha watoto kilikuwa kikiwaka usiku kucha kwenye digrii 18. Walidhani baridi itamsaidia mtoto. Hata hivyo mtoto alikuwa akiamka alfajiri akikohoa, na ukuta ulikuwa ukizidi kuloa.

Jambo hili lahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa familia nyingi zimo ndani yake bila ya kujua. Hewa hubeba maji kama kikapu kibebavyo nazi, na ukubwa wa kikapu hufuata joto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 30 yaweza kubeba maji ya kadiri ya gramu 30. Ikiwa na digrii 20, hubeba gramu 17 tu. Hewa ya Ukunda ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 80 imebeba gramu 24. Ikigusa ukuta uliopozwa hadi digrii 20, kikapu hupungua, na gramu saba zilizozidi hazina budi kumwagika. Humwagikia ukutani, nyuma ya kabati na chini ya godoro, mahali ambapo hakuna jua wala upepo wa kuzikausha. Hapo kuvu hupata maskani.

Chumba kile kilikuwa kikipozwa kama chumba kilichofungwa, na kikiingiza hewa kama chumba kilichofunguliwa. Mlango wake ulikuwa ukiachwa wazi ili baridi ifike ukumbini. Kidirisha cha choo kilikuwa hakifungiki. Kila dakika hewa mpya iliyoshiba maji ya bahari ilikuwa ikiingia, na kiyoyozi kikiikamua upya. Na kazi hiyo ya kukamua ni ghali. Kuugeuza mvuke wa lita moja uwe maji huhitaji kuondoa joto linaloweza kuzichemsha lita saba za maji ya mtungini. Mtu akiona maji yanatiririka mfululizo katika bomba la kiyoyozi huku mlango uko wazi, na ajue kwamba zile ni tokeni zake zinazomwagika uani.

Tena si maji yote yatokayo nje. Mtu mmoja aliyelala hutoa mvuke wa kadiri ya gramu 40 kwa saa kwa pumzi na ngozi yake. Watu watano wakilala saa nane, hiyo ni zaidi ya lita moja na nusu. Kilo moja ya gesi ya kupikia, ikiungua, huzaa zaidi ya lita moja na nusu ya maji katika hewa ya jikoni, mbali na mvuke wa sufuria wenyewe. Na wifi yetu, kama sisi wenyewe tulivyofanya msimu mzima huko Mombasa, alikuwa akizianika nguo ukumbini kwa sababu ya mvua. Maji yote yaliyokuwa ndani ya nguo zile yalikauka yakaingia katika hewa ya nyumba, na ya nyumba yakaingia ukutani.

Tulimwuliza, kwa upole, mbona hafungui madirisha mchana. Akacheka kidogo, akatupeleka kwenye dirisha la ukumbi na kulifunua pazia. Mbele yake kulikuwa na njia ya pikipiki, na ng'ambo ya njia kuna nyumba ya ghorofa yenye roshani tatu zinazotazama moja kwa moja ndani.

"Nikifungua pazia, siwezi kuvua mtandio nyumbani mwangu," alisema. "Mume wangu hutoka asubuhi akarudi magharibi. Mimi na watoto ndio tunaoshinda humu. Baina ya hewa na sitara, mimi nimechagua sitara."

Hatukuwa na jibu. Tulijua kwamba amesema kweli, na kwamba maelfu ya wanawake wa mitaa yetu mipya wamechagua vivyo hivyo. Tukauweka msahafu juu ya meza penye upepo wa feni, kurasa zikiwa zimefunuliwa kidogo, tukaahidi kupitia tena jioni.

KONGO NA GAZI: UKUTA NA MKOKO

Kutoka Ukunda tulikwenda hadi mwisho wa kaskazini wa ufuo wa Diani, mto Mwachema unapoingia baharini. Hapo, baina ya mibuyu minene, upo msikiti wa kale wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, na ambao mpaka leo waumini huswali ndani yake. Watoto walitaka kuona mibuyu. Sisi tuliweka viganja vyetu juu ya ukuta kwa nje, upande wa kivuli. Ulikuwa baridi kiasi, lakini ulikuwa mkavu, ijapokuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku na bahari iko hatua chache kutoka hapo.

Jiwe la matumbawe na chokaa vina vinyweleo. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu kidogo hewa inaposhiba, na huutoa tena jua linapowaka na upepo unapovuma. Unene wake nao huufanya usipate moto haraka mchana wala usipoe ghafula usiku. Saruji ngumu iliyopakwa rangi ya mafuta haifanyi hivyo. Unyevu ukiingia nyuma yake, kutoka ardhini au penye ufa wa paa, hukosa njia ya kutokea. Nayo rangi hufura, kisha hubambuka.

Na kuna adui mwingine ambaye mafundi waaminifu wa Kwale humtaja daima: mchanga wa bahari. Ni wa karibu na ni rahisi, lakini una chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe. Ndicho kinachotokea katika kikombe cha chumvi mezani, na ndicho kinachotokea ndani ya ukuta uliopigwa plasta ya mchanga wa bahari. Ukuta huo hutoka jasho kila masika, na wakati wa kiangazi hutoa unga mweupe. Hakuna kiyoyozi kinachoweza kuutibu.

Baada ya adhuhuri tuliendelea kusini, tukalipita pori la Kaya Kinondo, tukashika njia ya Gazi. Mji huu mdogo ulikuwa ngome ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui katika karne ya 19. Siku hizi unajulikana zaidi kwa mikoko yake. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Ghuba ya Gazi wanaitunza mikoko hiyo chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na misitu, na mapato yake husaidia maji na shule za kijijini. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kikundi cha wanawake wa Gazi kina njia ya mbao inayopita juu ya tope, kati ya mizizi, nasi tulitembea juu yake mpaka watoto wakachoka kuhesabu kaa.

Tunaitaja Gazi kwa sababu moja. Nyumba za mawe za wazee wetu zilisimama kwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Leo mikoko inalindwa, na ni haki ilindwe. Kwa hiyo asije mtu akadhani tunawaambia wasomaji warudi kujenga kama mababu. Tulichotaka kujua ni kile ambacho nyumba ile ilikijua nasi tumekisahau. Jibu lilikuwa likitungoja Msambweni.

MSAMBWENI: NYUMBA YA BIBI

Shangazi alikuwa amekaa barazani akitungoja. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatukumbatia mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi yumo ndani anapima. Nitazamieni, wanangu."

Nyumba ya bibi ni ya mawe na chokaa. Makuti yake yaliondolewa zamani, yakawekwa mabati, lakini mengine yote ni yale yale. Ukiingia, unapita kwanza katika daka, kisha njia inakata kona. Aliye mlangoni haoni ndani. Vyumba vimeuzunguka ua ulio wazi juu, wenye kisima, mlimau na kamba ya kuanikia. Madirisha yanayotazama nje ni madogo na yako juu, yamezibwa kwa vibao vya mbao vilivyopangwa kwa mshazari, hivi kwamba upepo hupita na jicho halipiti. Juu kabisa ya kila ukuta, chini ya paa, kuna matundu ya hewa. Kwenye ukuta wa ndani kuna zidaka, na katika kidaka cha juu, mbali na sakafu na mbali na ukuta wa nje, ndipo bibi alipoweka msahafu wake. Tuliutoa. Ni mzee kuliko sote. Kurasa zake ni rangi ya asali, na hauna doa hata moja.

Tulisimama pale uani kimya. Mmoja wetu alivua mtandio akajifuta jasho, na ndipo tulipotambua alilofanya. Tulikuwa nje, chini ya mbingu, upepo wa kusi ukipita juu yetu na kuvuta hewa ya vyumbani itoke, na hakuna mtu duniani aliyeweza kutuona. Wifi yetu wa Ukunda alilazimishwa kuchagua baina ya hewa na sitara. Bibi hakuwahi kuambiwa achague. Aliyemjengea nyumba alimpa vyote viwili.

Fundi alitueleza mpango, na alikuwa mtu muungwana mwenye ujuzi wake. Ua ungeezekwa ili upatikane ukumbi. Matundu ya juu yangezibwa. Dari ingeshushwa. Chokaa ingekwanguliwa, kuta zipigwe saruji na rangi ya mafuta. Vidirisha vya mbao vingetolewa, yawekwe madirisha ya vioo ya kusukuma, ambayo hata yakifunguliwa hufunguka nusu tu. Na kila chumba kiwekewe kiyoyozi.

"Mimi hufanya ninaloagizwa," alisema. "Lakini mkiniuliza, nyumba hii kwa miaka yote haijawahi kuwa na harufu."

Agizo lilikuwa la kijana wetu aliye Maskati, naye ndiye mtoaji mkubwa wa fedha. Shangazi akampigia simu, tukazungumza naye sote kwa zamu. Mwanzoni alikasirika. Alisema amechoka kutuma fedha za kutengeneza nyumba ya kizamani; alitaka mamake alale kwenye baridi kama watu wa huko. Na ombi hilo lina heshima yake, kwa kuwa ni pendo la mtoto kwa mzazi. Lakini tulimwuliza swali moja: huko Maskati, wakati wa joto, je, milango na madirisha huachwa wazi kiyoyozi kikiwaka? Akanyamaza. Kisha akasema, "Hapana. Nyumba hufungwa kabisa, hata ufa wa mlango."

Hapo ndipo penye siri yote. Ziko nyumba za aina mbili zinazofaa. Ipo nyumba iliyofunguka, inayopoa kwa upepo, kivuli na feni, na isiyoruhusu kitu chochote ndani yake kiwe baridi kuliko hewa inayopita; hiyo haitoki jasho. Na ipo nyumba iliyofungika, isiyoingiza hewa ya nje ila kwa kipimo, ambamo kiyoyozi hukausha mara moja na kupumzika. Inayoangamiza afya, nguo na mfuko ni ile ya tatu: iliyofungwa kwa upepo na kufunguliwa kwa unyevu. Tumeijenga kwa wingi katika miaka hii, kutoka Likoni hadi Lunga Lunga.

Kufikia alasiri tulikuwa tumeafikiana. Ua utabaki wazi. Chokaa itatengenezwa kwa chokaa. Matundu ya juu yatawekewa wavu wa mbu, na dari itainuliwa, hewa ipite juu yake ili joto la mabati lisishuke vyumbani. Vyumba vyote vitakuwa na pangaboi. Na chumba kimoja, cha shangazi, kitafungwa barabara: mlango wenye mpira pembeni, dirisha lisilo na ufa, dari isiyo na tundu, na kiyoyozi kidogo kilicholingana na chumba. Kijana wetu alipata baridi aliyomtakia mamake, na mama akabakiwa na ua wake. Shangazi hakusema neno. Aliingia jikoni akatuletea wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mkononi alikuwa anatetemeka kidogo.

TULIYOYACHUKUA NJIANI

Jioni tulirudi Ukunda, tukakaa na wifi na ndugu yetu tukapanga la kufanya kwa nyumba iliyokwisha kujengwa. Tunawaandikia hapa kwa kuwa wengi wenu mmo katika nyumba kama yake.

Kwanza, pimeni. Kipimo cha unyevu ni kifaa kidogo kama saa ya mezani, na bei yake si kubwa. Ndani ya chumba cha kiyoyozi, unyevu wa baina ya asilimia 50 na 60 watosha. Katika nyumba ya upepo hatutafika hapo wakati wa masika, lakini tukizuie kipimo kisikae juu ya 75 siku nyingi mfululizo, maana hapo kuvu huchanua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo maalumu juu ya unyevu na kuvu majumbani, na lilieleza kwamba wakaao humo hupatwa zaidi na pumu na maradhi mengine ya kifua.

Pili, punguzeni maji yanayozaliwa ndani. Nguo zianikwe nje, hata chini ya kipenu cha paa. Sufuria ifunikwe, na mlango wa jikoni wa ndani ufungwe wakati wa kupika, wa nje ukiwa wazi. Baada ya kuoga, sakafu ifutwe na kidirisha cha choo kifunguliwe, mlango wake wa ndani ukiwa umefungwa.

Tatu, mjue saa za kufungua. Alfajiri na usiku hewa ya Pwani huwa imekaribia kushiba. Kuanzia kadiri ya saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndipo inapokuwa na nafasi zaidi. Makabati, masanduku na mashubaka ya vitabu yafunguliwe saa hizo na kufungwa kabla ya magharibi. Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Upana wa kiganja uachwe baina yao.

Nne, kiyoyozi kikiwashwa, mlango ufungwe. Kiwekwe digrii 25 au 26 na feni iwashwe pamoja nacho. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane hula nusu ya yuniti moja tu; kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 bila kupumzika hula yuniti nane kwa muda huo huo. Msinunue kikubwa kuliko chumba. Kiyoyozi kikubwa hupoza haraka kikazima kabla hakijakausha hewa, mkabaki na chumba baridi na chepechepe. Vichujio vyake vioshwe mara kwa mara.

Tano, msikaushe chumba kwa jiko la makaa. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Na udi, pamoja na uzuri wake, huficha uvundo bila ya kupunguza hata tone la maji. Kwa mwenye pumu moshi wake ni mzigo mwingine.

Sita, kuvu iliyokwisha kuota ioshwe kwa maji na sabuni, mwoshaji akiwa amefunika pua na mdomo na mgonjwa wa pumu akiwa ametolewa nje; kisha pakaushwe kabisa. Dawa za kung'arisha choo zisichanganywe pamoja, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Bila kuziba chanzo cha maji, kuvu itarudi.

Ama lile la sitara, ndugu yetu alilifanya mwenyewe. Alimwita fundi akatoboa matundu juu ya madirisha, chini ya dari, akayawekea wavu. Dirisha la ukumbini aliliwekea vibao vya mbao vya mshazari kwa nje, kama vile vya bibi. Nyuma ya nyumba aliinua ukuta wa ua hadi kupita kimo cha mtu, akatundika kamba ya nguo na kuweka mkeka chini ya mwembe. Gharama yake haikufika bei ya kiyoyozi cha pili alichokuwa akikifikiria.

Wiki tano baadaye wifi yetu alitupigia simu. Tokeni zake zilikuwa zimevuka wiki ya tatu. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa mkavu. Mtoto bado anatumia dawa yake ya kuvuta kama alivyoagizwa na daktari, na shifaa iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Ila kikohozi cha alfajiri kimepungua, na usiku mama mtu analala. Msahafu ulikauka. Jalada limebaki na alama, lakini anausoma.

"Na wapi mnapokaa sasa mchana?" tulimwuliza.

"Uani," alijibu. "Kichwa wazi."

Dini yetu imetuhimiza sitara na imetukataza israfu, na nyumba nzuri huweza kuyatimiza yote mawili kwa matundu machache yaliyowekwa mahali pake. Mwenye kujenga, kabla hajamwuliza fundi bei ya vioo, na awaulize kwanza wanawake watakaoshinda humo. Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zenu, awaponye wagonjwa wenu, na atukutanishe tena wiki ijayo kwa heri. Amin.